Sahihi ya Pili Haina Muhuri

NYAMIZI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Mwanza na kanda ya ziwa yote. Kaka Masanja, leo ulitaka tuanze na jambo lako mwenyewe.

MASANJA: Ndiyo, dada. Kila nikipita Mwaloni pale Kirumba nakutana na vijana wanaokaribia kuingia nilikoingia mimi. Nilikuwa na shemeji yangu, tuna kakampuni ka kununua dagaa na kuwasafirisha. Tukaomba mkopo wa gari. Siku ya kusaini, ukurasa wa kwanza wakurugenzi wawili, muhuri wa kampuni ukagongwa. Ukurasa wa mwisho nikaambiwa, "Saini na hapa." Hapo muhuri haukugongwa. Palikuwa na jina langu, namba ya kitambulisho cha NIDA na mtaa ninaoishi.

NYAMIZI: Hiyo ndiyo dhamana binafsi, yaani ahadi yako mwenyewe kwamba kampuni ikishindwa, wewe utalipa.

MASANJA: Nami nilijua nasaini kwa niaba ya kampuni!

NYAMIZI: Tukae hapo kidogo. Ukisajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, unaambiwa kampuni ni mtu anayejitegemea, inakopa yenyewe na kushtakiwa yenyewe. Ni kweli, na kanuni hiyo inajulikana tangu kesi ya Salomon kule Uingereza, iliyoamuliwa mwaka 1896. Lakini ile sahihi isiyo na muhuri ni yako wewe Masanja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema dhima ya mdhamini inalingana na ya mkopaji, labda mkataba wenyewe useme vingine. Kampuni ikishindwa kulipa, riba na gharama za kudai zinakufuata nyumbani.

MASANJA: Nilidhani ni nusu kwa nusu na shemeji.

NYAMIZI: Angalia maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Yakiwemo, benki inaweza kukudai wewe deni lote. Kudaiana na shemeji ni shughuli yenu baadaye.

MASANJA: Sasa sikiliza. Nikajitoa ukurugenzi, hisa nikamwachia, BRELA wakabadilisha. Nikahamia kwenye ufugaji wa samaki wa vizimba, nikawa na amani. Mwaka wa pili ikaja barua. Shemeji alikopa tena benki ileile, akakwama. Gari lenyewe la zamani tulishamaliza kulilipia!

NYAMIZI: Hapa ndipo wengi wanaumia, na kusema kweli inaniuma. Dhamana yako ilikuwa endelevu, maana yake inabeba mikopo inayofuata pia. Kujitoa BRELA hakuiondoi, kwa sababu BRELA si mkopeshaji. Sheria inakuruhusu kuifuta kwa mikopo ya mbele, lakini taarifa lazima imfikie mkopeshaji mwenyewe. Ile uliyokwishaidhamini unabaki nayo.

MASANJA: Barua moja tu, dada. Ukurasa mmoja.

NYAMIZI: Na kabla ya kusaini, omba kikomo, kiasi kitajwe kwa tarakimu. Omba dhamana iwe ya mkopo huo mmoja. Afisa mikopo atakwambia fomu ni ileile kwa wote; mwombe aipeleke kwa wakubwa wake. Soma pia kile kipengele kinachosema benki inaweza kubadilisha masharti bila kukuuliza. Kisheria, masharti yakibadilishwa bila ridhaa yako unaachiliwa kwa yanayofuata, na kipengele hicho kimewekwa ili kinga hiyo uiachie mwenyewe.

MASANJA: Mke wangu aliniuliza, "Mbona mimi sikuitwa?"

NYAMIZI: Swali zito. Nyumba ya ndoa ikiwekwa rehani, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenza. Dhamana binafsi si rehani. Unasaini peke yako, mwenzako anajua siku madai yanapobisha hodi. Kaka zangu, waambieni wake zenu. Na nyie wanawake wenye kampuni, waambieni waume zenu.

MASANJA: Mimi sasa nalipa kidogo kidogo, tumekubaliana na benki. Shemeji naye ananirudishia kila akiuza mzigo. Na ile barua ya kufuta niliipeleka mwenyewe, nakala mbili. Yangu ikagongwa mhuri wa kupokelewa, na tarehe. Ipo kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto.