Chanzo cha Ajali: Ng'ombe

Ndugu washiriki, walionisikia katika mikutano iliyopita watanivumilia, kwa maana ninaanza tena na fomu ileile. Ni fomu ya taarifa ya ajali niliyoisoma kwa macho yangu katika shamba moja la maziwa: penye chanzo cha ajali pameandikwa neno moja tu, "ng'ombe", na penye hatua zilizochukuliwa pameandikwa kwamba mfanyakazi ameonywa awe mwangalifu. Ng'ombe ametiwa hatiani bila kusikilizwa, mkamuaji aliyevunjika mkono amepewa onyo, na mwenye shamba hakuulizwa lolote.

Nilikwenda kupatazama mahali penyewe. Ng'ombe yule alikuwa na ugonjwa wa kiwele, na dalili zilionekana siku mbili kabla, kwani maziwa ya chuchu moja yalikuwa yakitoka na mabonge. Ng'ombe mwenye kiwele kinachouma akishikwa hurusha teke, na teke lake, tofauti na la farasi ambalo kwa kawaida huelekea nyuma, laweza kwenda mbele kisha likazunguka ubavuni, yaani palepale alipochuchumaa mkamuaji. Yule mama mkamuaji alijaribu kurudi nyuma, akagota ukutani. Baina ya ukuta na mnyama palikuwa na nafasi ya hatua moja, tena juu ya sakafu iliyolowa. Je, ukuta ule ulijengwa na ng'ombe?

Najua yupo atakayeniambia kwamba mnyama ni mnyama, hana akili, na ghadhabu yake haitabiriki. Umeme nao hauna akili, lakini fundi akirushwa na umeme hatuandiki "umeme" tukafunga faili. Tunauliza ni waya gani uliochunika na nani aliyeuacha hivyo. Isitoshe, ng'ombe anatabirika kuliko mameneja wengi niliowahi kufanya nao kazi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, kwa hiyo anayemjia kutoka huko kimyakimya amemtisha mwenyewe. Aliyezaa karibuni humlinda ndama wake hata kwa mtu anayemlisha kila siku. Haya wachungaji wanayajua tangu utotoni. Asiyeyajua ni aliyechora ramani ya banda.

Wala siombi hisani. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo, na shughuli zinazohusu mifugo na mabanda zimetajwa humo waziwazi. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya msingi ya kuamini hivyo. Kwa hiyo mkamuaji anayekataa kuingia katika kichochoro kile asiitwe mvivu.

Ugonjwa wa kutupa mimba na kimeta, magonjwa ya mifugo yanayompata hata mtu, nitayaruka, muda umenitupa mkono. Kuhusu kuumwa kwa meno ya mnyama nitasema kidogo. Jino la paka hutoboa tundu dogo lenye kina, ngozi ikafunga juu na usaha ukabaki ndani, kwa hiyo usilidharau. Na aliyeumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa aoshe jeraha mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kuchanjwa bila kungoja dalili, kwa kuwa zikishajitokeza ni nadra mno mtu kupona. Nikitembelea banda la mbwa wa ulinzi huuliza kwanza sabuni iko wapi. Huambiwa iko stoo, na ufunguo anao msimamizi, naye ametoka.