Uso wa Bibi Harusi Kwenye Joto la Pwani: Poda, Piko na Nywele za Mbele

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Leo tunazungumzia bibi harusi wa Pwani. Anapambwa saa nane mchana, anaingia ukumbini saa mbili usiku, joto halijapungua, taa ya mpiga video iko usoni na flashi haipumziki. Da Mwanaidi, malalamiko yanayotufikia zaidi ni picha: uso mweupe, shingo nyeusi. Tuanzie hapo.

MWANAIDI: Tuanzie hapo, Neema, kwa sababu hilo likitokea albamu nzima imeharibika. Sababu ziko mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni faundesheni isiyo rangi yake. Ya pili ni poda inayorudisha mwanga. Ile poda nyeupe, laini sana, inayouzwa kwa kuambiwa inafaa ngozi zote, mara nyingi ni silika. Kwenye kioo huioni. Flashi ikipiga, chini ya macho na juu ya pua panatoka weupe. Titani dayoksaidi na zinki oksaidi zilizomo kwenye losheni nyingi za kukinga jua zinafanya vivyo hivyo.

NEEMA: Na bila poda kwa joto hili haiwezekani.

MWANAIDI: Haiwezekani. Kwa hiyo tumia poda yenye rangi ya ngozi yake, na ile nyeupe usiiguse. Kabla hajanyanyuka kwenye kiti, zima taa za chumba, washa flashi ya simu, mpige picha tatu: mbele, kulia, kushoto. Shingo na kifua vionekane. Ukiona weupe, usipake faundesheni nyingine juu yake, utapata tabaka litakalopasuka ndani ya saa moja. Fagia kwa brashi safi kavu, kisha bonyeza poda yenye rangi, kidogo kidogo.

NEEMA: Na rangi ya faundesheni? Wengi wanajaribia nyuma ya kiganja.

MWANAIDI: Kiganja hakina habari na uso. Chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kwenye taya, ishuke mpaka shingoni, halafu msogeze mteja dirishani. Subiri dakika kumi. Faundesheni nyingi zinakolea zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi, kwa hiyo inayoonekana sawa mara moja inaweza kuwa nzito baadaye. Halafu ujue kwamba kwa weusi wengi paji la uso na pembeni mwa mdomo ni peusi kuliko mashavu. Ukichagua rangi ya shavu ukaipaka uso mzima, paji linageuka kijivu. Nunua rangi mbili: iliyokolea kwa pembeni, iliyo nyepesi kidogo kwa katikati. Kifua ndicho kinachoamua, kwa sababu kwenye gauni kitaonekana.

NEEMA: Ule ukijivu chini ya macho je? Mtu anapaka konsila nyepesi, ile rangi ya kuficha madoa, ndiyo kwanza unazidi.

MWANAIDI: Kwa sababu weusi wa chini ya jicho una ubuluu ndani yake, na rangi nyepesi juu ya buluu inatoa majivu. Unaanza na rangi ya chungwa. Ngozi nyeusi sana inataka chungwa linaloelekea wekundu, maji ya kunde inatosha rangi ya pichi iliyokolea. Kiasi cha punje ya mchele kwa kila jicho, pale tu palipo na weusi, ukigonga kwa kidole cha pete. Kisha konsila nyembamba. Usivute kuelekea mashavuni, maana rangi ya chungwa itajitokeza.

NEEMA: Wengine wanalalamika faundesheni inajikusanya vijidonge kama ufutio wa penseli.

MWANAIDI: Hapo vitu havipatani. Praima, yaani kipakwa cha kwanza chini ya faundesheni, ikiwa ya silikoni, ile inayoteleza kama mafuta lakini haina mafuta, ukiweka juu yake faundesheni ya maji, vinakataana. Soma viambato: majina yanayoishia na "-cone" au "-siloxane" yakiwa mwanzoni mwa orodha, hiyo ni ya silikoni. Ya silikoni iende na ya silikoni, ya maji na ya maji. Sababu nyingine ni haraka. Baada ya losheni ya uso subiri dakika tano, baada ya praima dakika mbili. Na faundesheni iwe kidogo: pampu moja, moja na nusu kwa uso mzima, kwa sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa sana. Gonga, usiburute. Palipo na doa rudia hapo hapo tu. Mimi naamini kabisa kwamba uso unaodumu Pwani ni uso mwembamba. Jasho lazima litoke. Tabaka likiwa zito, jasho linalisukuma lote.

NEEMA: Tuje kwenye maandalizi ya ngozi. Singo ya kusugua mwili na liwa, ule msandali wa kupaka, zinaanza wiki nzima kabla.

MWANAIDI: Ni mila nzuri, iendelee. Nataka tahadhari mbili tu. Singo yenye karafuu nyingi inachoma ngozi ya uso, kwa hiyo iwe ya mwili. Usoni liwa na maji ya waridi inatosha, na siku mbili za mwisho usisugue kitu. Kitu chochote kipya, hata kama ni cha asili, kijaribiwe ndani ya kiwiko kwa saa 48. Siku ya harusi si siku ya kufahamiana na krimu.

NEEMA: Mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi, unaingia hapo hapo. Msichana anataka ang'ae kwa mwezi mmoja.

MWANAIDI: Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Michanganyiko hiyo mara nyingi ina hidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vinajaa. Ukiacha ghafla wiki ya harusi, uso unawaka mwekundu na hakuna faundesheni itakayokaa. Ukiendelea, vifundo vya vidole na masikio vinabaki vyeusi na flashi inavionyesha vyote. Zebaki inapita kwenye ngozi mpaka kwenye figo, ndiyo maana imezuiwa kwenye vipodozi kwa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki. Aliyekwisha kutumia steroidi kwa muda mrefu aende kwa daktari wa ngozi apunguziwe taratibu, asiache peke yake. Anayetaka ngozi isawazike rangi atumie losheni ya kukinga jua kila asubuhi, yenye kipimo cha kinga (SPF) 30 au zaidi, mistari miwili mirefu kwenye vidole viwili kwa uso na shingo. Akipata yenye rangi, yenye oksaidi ya chuma, ni bora zaidi kwa madoa, kwa sababu mwanga wa kawaida nao unakoleza madoa ya ngozi nyeusi.

NEEMA: Na piko, ile rangi nyeusi ya kuchora maua mikononi?

MWANAIDI: Hina halisi ni ya hudhurungi au wekundu, na inahitaji saa kadhaa mkononi. Piko inayokolea nyeusi tititi kwa nusu saa imetokana na rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali ya rangi iitwayo PPD. Hiyo ilitengenezwa kwa nywele, na hata huko kuna kiwango. Kwenye ngozi inaweza kutoa malengelenge yanayofuata maua yale yale yaliyochorwa, na kovu likabaki. Tena anayepata mzio huo anabaki nao: miaka mingi baadaye akipaka rangi ya nywele, kichwa na uso vinavimba. Bibi harusi akitaka maua yaliyokolea, achorwe hina halisi siku mbili kabla. Inakolea kadiri saa zinavyopita, na siku yenyewe iko kwenye kilele.

NEEMA: Nywele nizichukue mimi. Kusuka kwa ajili ya harusi kufanyike siku nne au tano kabla. Ukisuka jana yake, ngozi ya mbele bado imevutwa, kuna vipele vidogo kwenye mistari, na faundesheni ikifika pale inavionyesha. Msusi akivuta mpaka nyusi zinapanda, mwambie alegeze pale pale. Vipele vyeupe kwenye shina la nywele ni dalili kwamba nywele zinang'olewa, na za mbele zikivutwa hivyo mara kwa mara kuna siku hazioti tena.

MWANAIDI: Na dawa ya kulainisha?

NEEMA: Wiki mbili kabla, si wiki yenyewe, kwa sababu kichwa kikiungua kinatoa magamba. Anayepiga pasi nywele za asili azikaushe kabisa kwanza. Maji yaliyobaki ndani ya unywele yanachemka, unywele unatoboka na kukatika katikati. Pasi nyuzi 180, pita moja, na ukifika mara mbili simama.

MWANAIDI: Nywele za mbele zinalazwa kabla ya uso au baada?

NEEMA: Mwisho kabisa. Faundesheni iishie kama sentimita moja kabla ya nywele, iliyobaki isambazwe kwa brashi tupu. Kisha jeli isiyo na pombe, kiasi cha punje ya njegere kwa upande wote, kwa mswaki laini. Funga kitambaa cha satini dakika kumi na tano bila kugusa. Ule unga mweupe unaotokea baadaye ni jeli iliyopakwa juu ya mafuta mengi, au jeli mbili tofauti zilizochanganywa. Ile ya nta kwenye kikopo inafaa chumba chenye kiyoyozi. Kwenye hema la uwanjani ikipata jasho inayeyuka na kushuka kwenye paji.

MWANAIDI: Anayevaa hijabu au mtandio mzito hahitaji jeli kabisa. Avae kikofia cha satini chini, na pini zisikamate nywele.

NEEMA: Mpambe abebe nini kwenye pochi?

MWANAIDI: Tishu zisizo na harufu, poda ya kubonyeza yenye rangi, rangi ya mdomo, gundi ya kope za bandia na kijiti cha pamba. Jasho likitoka, tishu kwanza: bonyeza, hesabu tano, inua. Ndipo poda. Poda juu ya jasho inakuwa tope, na tope hilo halitoki bila kufuta uso wote. Kope ikibanduka pembeni, paka gundi kwenye kope yenyewe, subiri sekunde thelathini ishike utando, ndipo uirudishe. Akilia, tishu ikunjwe ncha, iwekwe chini ya kope za chini akiwa anatazama juu. Asifute kamwe.