Mwite kwa Jina Lake

Ndugu zangu mafundi, na ninyi vijana mlioanza kushika randa mwaka huu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie adabu kazini. Mwalimu wangu katika jambo hili ni mtu ambaye hajawahi kuishi: Kapteni Jean-Luc Picard, mkuu wa chombo cha anga Enterprise katika tamthilia ya Kimarekani Star Trek: The Next Generation, iliyoonyeshwa kuanzia 1987 hadi 1994. Aliyemwigiza ni Mwingereza Patrick Stewart, mtu wa jukwaani, aliyecheza sana Shakespeare. Mpwa wangu aliniletea tamthilia hiyo kwenye flashi, nikawa naitazama usiku baada ya kufunga karakana.

Mengi ya Picard yanafaa kuigwa. Kikaoni huwauliza wasaidizi wake maoni yao kabla hajatoa amri. Lakini leo nataka tukae kwenye sehemu moja tu, ya mwaka 1990.

Humo yumo fundi mmoja, Luteni Barclay. Ni mwoga, huchelewa kazini, na akiulizwa jambo mbele za watu maneno yanamkwama. Kijana mmoja chomboni akamgeuza jina: Barclay akawa Brokoli, ile mboga, na jina likashika. Mkuu wake, La Forge, akaona bora ahamishwe. Picard akakataa. Akamwambia kwamba kumsukumia mwingine tatizo ni rahisi mno. Nenda ukawe rafiki yake.

Aliyemwigiza La Forge ni LeVar Burton. Ndiye yuleyule ambaye mwaka 1977, katika tamthilia ya Roots, alikuwa Kunta Kinte, kijana wa Kiafrika aliyeuzwa utumwani Marekani, akachapwa mijeledi mpaka akubali kuitwa Toby. Nilipokumbuka hilo nilishindwa kukaa kitini.

Sasa sikilizeni. Baadaye Picard mwenyewe anamtia moyo Barclay mbele ya wenzake, kwa nia safi kabisa, na ulimi unateleza: anamwita Bwana Brokoli. Nilisimamisha picha, nikamtazama usoni. Hacheki. Hasemi "nilikuwa natania tu." Anajisahihisha palepale kwa kutaja jina lenyewe, na uso wake unaonyesha kwamba kosa lake limemchoma. Data, yule mtu wa mashine, anaanza kufafanua kitaalamu jinsi sauti zinavyopishana mdomoni, na Picard anamnyamazisha. Mimi hapo ningemwacha Data aendelee kunitetea! Ningeshukuru nimepata kisingizio.

Nasema hivi kwa sababu karakana yangu ilikuwa na Brokoli wake. Alikuwa saidia fundi mwenye kigugumizi, nasi tukimwita Redio Mbovu. Jina nililianzisha mimi. Akifungua mdomo, mmoja wetu anasema "redio imeanza," wote tunaangua kicheko, naye anarudi kwenye msasa wake. Mwaka ule tulipata oda ya milango sita ya mninga. Baada ya muda mfupi mteja akairudisha, imepinda, haifungi. Mbao zilikuwa mbichi. Yule kijana ndiye aliyezishusha garini, na aliujua ubichi wake kwa uzito tu alipozibeba begani. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakusema. Akasema, kwa shida, kwamba alijaribu mara mbili.

Barclay naye, mwishoni mwa sehemu ile, ndiye anayegundua kilichoharibu mitambo, na chombo kinaokoka. Kama wangeendelea kumcheka, angegundua kimyakimya.

Najua wapo watakaosema utani ni jadi yetu. Ni kweli, nami naupenda. Lakini utani wa Mnyamwezi na Mzaramo una sheria zake: ukinitania, nami ninakutania, hata kama wewe ni mkubwa kwangu, na siku ya msiba mtani ana kazi yake pale, halafu anadai ujira wake. Yule kijana angenijibu nini mimi, ninayemlipa Jumamosi? Hapakuwa na utani pale. Palikuwa na mtu mzima anayemdhalilisha mtoto wa mwenzake, na watu wanacheka kwa sababu wanaogopa kutocheka.

Asubuhi iliyofuata baada ya kuitazama sehemu ile, nilisimama kati ya meza za kazi, mafundi wote wakiwepo. Faraghani ingekuwa rahisi kwangu, lakini matusi sikuyatoa faraghani. Nikamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Akageuka nyuma kutazama ni nani anaitwa. Hilo liliniumiza kuliko ile milango. Nikamwomba radhi, sikuongeza maelezo. Akasema "sawa, fundi," akainama kuendelea na kazi, na mimi sikumdai zaidi ya hapo. Jina la zamani liliwatoka wenzake mdomoni kwa wiki kadhaa, na kila lilipowatoka nilitaja jina lake halisi, basi, kazi ikaendelea.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja tunashusha mzigo wa mbao, akaweka ubao chini, akaniita. Sentensi yake ilichukua muda mrefu, labda dakika nzima. Dereva alikuwa na haraka, akapiga honi. Hakuna aliyemkatiza wala aliyemmalizia neno. Alipofika mwisho tulifunga bodi la gari, mbao zikarudi zilikotoka.