Malalamiko ya TV siyo kura

Haya jamani, asanteni kwa kuja, naona na wazee wetu wamefika, shikamooni. Muda mfupi, naingia moja kwa moja.

Septemba 2020, Jumamosi usiku, familia zimekaa zinaangalia Britain's Got Talent, shindano la vipaji la ITV, likaingia kundi la dansi la Diversity kucheza. Katikati ya dansi kiongozi wao Ashley Banjo yuko chini kalala na mwenzake aliyevaa kipolisi kamwekea goti, yaani kile alichofanyiwa George Floyd, yule Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi mwaka huohuo. Malalamiko kwa Ofcom, ndio mamlaka inayosimamia matangazo hapa Uingereza, mwanzoni yalikuwa kama elfu moja hivi, magazeti yakaandika, mitandao ikawaka, yakapanda mpaka 24,500. Ofcom wakasema hakuna hata cha kuchunguza. Lakini wengi wetu tunaoishi huku ilituuma, watu wakasema basi hawa ndio Waingereza, wametuonyesha rangi yao.

Mimi nakataa, na nakataa kwa hesabu. Walioandikishwa kupiga kura nchi hii wamezidi milioni 46, kwa hiyo hata ukichukulia kila lalamiko ni mtu wake, unapata kama watu 5 katika kila 10,000. Halafu siyo upande mmoja tu unaolalamika! Machi 2021 mtangazaji Piers Morgan alivyomsema Meghan, mke wa Prince Harry, yalikuja zaidi ya 57,000, hao ni wa upande wa pili kabisa. Mwezi uliofuata Prince Philip, mume wa Malkia, kafariki, BBC wakafuta ratiba nzima, hata fainali ya shindano la mapishi la MasterChef ikaahirishwa, yakaja BBC kwenyewe zaidi ya 100,000. Sasa hao nao utawaweka chama gani?

Mwenye kutaka jibu aangalie sanduku la kura. Laurence Fox ni muigizaji, Januari 2020 alikaa Question Time, kipindi cha mjadala cha BBC, akabisha kwamba Meghan anabaguliwa, usiku mmoja akawa jina la taifa, akaanzisha chama chake. 2021 kagombea umeya wa London, akapata asilimia 1.9. Julai 2023 karudi Uxbridge, jimbo aliloliacha waziri mkuu wa zamani Boris Johnson, akapata kura 714. Na Uxbridge hiyohiyo Wahafidhina, chama kilichokuwa madarakani, walishinda kwa kura 495 tu, unajua kwa nini? ULEZ, ile ada ya magari ya London. Pauni 12.50 kwa siku kwa mwenye gari la zamani linalotoa moshi mchafu, na ilikuwa inakaribia kufika mitaa yao. Fundi bomba mwenye van kuukuu anapiga hesabu ya wiki nzima ya kazi, hapo ndipo kura ilipokaa, wala siyo kwenye dansi ya Jumamosi.

Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi mkuu, mawaziri walikuwa wamehubiri sana kuwapinga "woke", yaani wanaotetea usawa wa rangi na jinsia, na Wahafidhina wakatoka viti 365 vya 2019 wakabaki na 121. Watu walikuwa wanaongelea bei ya vitu, bili ya umeme, foleni ya NHS, hospitali za serikali.

Sisemi utamaduni hauna kura kabisa, hapo ntakuwa nawadanganya. Uhamiaji unapigiwa kura kweli, Reform, chama kinachopinga uhamiaji, walipata zaidi ya milioni 4 mwaka huohuo wa 2024, na hilo tulichukulie kwa uzito kwa sababu linatuhusu sisi wenyewe na viza zetu na watoto wetu. Ila mtu wa namna hiyo alishaamua kabla hajawasha TV, lalamiko linakuonyesha nani kakasirika, halikuonyeshi nani kahama chama.

Ndio maana nachukia sana nikisikia ndugu zetu wanasema "siasa za huku siyo zetu, wametukataa". Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda anayeishi Uingereza kihalali ni raia wa Jumuiya ya Madola, anaruhusiwa kupiga kura ya bunge hata bila pasi ya Uingereza! Wengi hawajajiandikisha, na jimbo linakwenda kwa kura 495. Ni kujaza fomu tu ya halmashauri, na siku yenyewe uende na kitambulisho chenye picha.

Haya, maswali, mama pale nyuma umenyoosha mkono kitambo, karibu.