Cheti Hakijibu Swali

Mbukwenyi!

(Ukumbi: Mbukwa!)

Asanteni. Mgeni rasmi, waratibu, mama walezi, na nyie wa kujitolea mliojibanza huko mlangoni kana kwamba mmesindikiza watu, sogeeni mbele. Kuna viti vimewekewa maji ya chupa kwa waalikwa ambao hawajafika. Kaeni, na maji mnywe. (Kicheko)

Nimepangiwa niseme kuhusu kuwatambua na kuwajengea uwezo watumishi na watu wa kujitolea wanaolinda watoto. Walionisikia Kongwa na Mpwapwa wanajua nitakapopita, wakisinzia sitawaamsha. Sheria ya Mtoto ya 2009 mnaijua. MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, mnaujua, na kamati za ulinzi za vijiji na kata mmezizindua wenyewe mkapiga na picha. Hayo siyarudii.

Kuna mama mmoja wa upande wa Mvumi. Analima uwele na karanga, na ni mjumbe wa kamati ya kijiji chake. Hana mshahara. Siku moja bombani akaona binti fulani wa darasa la sita hajaja, na jana yake pia hakuja. Mwingine angesema labda anaumwa, yakaisha. Yeye akapita kwa bibi wa binti kuomba chumvi. Bibi akasema mtoto kaenda kusalimia kwa shangazi yake Singida. Sawa. Ila pale uani mdogo wake binti alikuwa anacheza amevaa sare ya dada yake, sketi imekunjwa kiunoni na kufungwa kwa kamba. Mtoto aliyekwenda kusalimia hagawi sare ya shule.

Mama akaomba chumvi yake, akashukuru, akaenda nyumbani kuandika kwenye daftari: tarehe, alichoona, alichoambiwa. Asubuhi akawa kwa mtendaji wa kijiji. Akajaza fomu ya rufaa, ile ya kupeleka shauri la mtoto kwa wahusika, akaifikisha mwenyewe kwa mratibu wa shirika alilokuwa akilisaidia. Shirika silitaji. Nauli ilikuwa yake.

Mnajua safari za "kusalimia" namna ile zinaishia wapi. Nyumba ya mtu mjini, mtoto wa miaka kumi na miwili anaamka kabla ya wenye nyumba na kulala baada yao. Sheria yetu inaanza kuruhusu kazi nyepesi kwa mtoto wa miaka 14, na ile si kazi nyepesi.

Basi, baada ya fomu, kimya. Akikutana na mratibu mnadani anauliza, anajibiwa, "Tunalifanyia kazi, mama." Amepanda, amepalilia, amevuna, bado linafanyiwa kazi. Desemba 5, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, akaitwa mjini. Ukumbi una kiyoyozi. Pilau, keki, fulana inayomtosha yeye na mumewe kwa pamoja, na cheti chenye fremu. Akapewa kipaza sauti atoe shukrani. Akasema, "Nashukuru kwa cheti. Yule mtoto alipatikana?"

MC akacheka, akasema muda umetubana, akaita kwaya.

Sasa sikilizeni kinachoniudhi. Mtoto alikuwa amepatikana! Afisa ustawi alifuatilia, dawati la jinsia na watoto la polisi likafanya sehemu yake, binti akapelekwa kwa mama yake mdogo kata nyingine, akarudi shule. Yote yamo kwenye faili, yamegongwa mhuri. Kazi nzuri kabisa, sina neno. Ila miezi yote hiyo hakuna aliyempigia aliyeianzisha. Simu ya dakika mbili!

Najua yupo atakayesema: mzee, kuna siri ya mtoto, taarifa za shauri hazitolewi ovyo. Vizuri sana, na usizitoe. Nani amekuomba umsomee faili? Hahitaji kujua mtoto yuko nyumba gani wala alifanyiwa nini. Mwambie, "Amepatikana, yuko salama, anasoma, taarifa yako ndiyo iliyotufikisha." Hapo siri ya nani imevuja? Na kama bado hajapatikana, mwambie hivyo hivyo. Tusijifiche nyuma ya usiri wakati ukweli ni kwamba tumesahau kupiga simu.

Kwa sababu mtu asiyejibiwa, fomu ya pili hajazi. Ajaze ili iweje? Ameshakosana na bibi wa mtoto. Kijijini anasemwa ni mpelelezi. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto anayenyimwa haki aipeleke serikali ya mtaa, lakini hakuna kifungu kinachomrudishia moyo. Halafu ripoti ya mwaka inaandikwa "mwamko wa jamii ni mdogo". Mwamko ulikuwepo, mmeuzima nyie!

(Makofi upande wa mlangoni)

Msinipigie makofi, nyie nanyi nawajia. Fomu zenu zina matatizo.

Mafunzo. Sisi Dodoma mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba hivi hadi Aprili. Semina mnaziweka lini? Januari, fedha za wafadhili zikitoka, mtu yuko shambani na magugu yanamsubiri. Anakuja mjini siku tatu, anaangalia maandishi ukutani kwa projekta, mwezeshaji anasema "tutawatumia kwenye WhatsApp" mtu ana simu ya kitochi. Mfundisheni baada ya mavuno, hapo hapo ofisi ya kata, na mtumie kazi aliyoileta mwenyewe. Chukueni fomu halisi, ficheni majina, someni kwa sauti.

Tuliwahi kusoma moja imeandikwa, "Mtoto ana tabia mbaya, hapendi nyumbani." Tabia gani? Aliyeandika alikuwepo, kijana mzuri tu wa Bahi. Akasema mtoto anatoroka usiku. Kwenda wapi? Jikoni kwa jirani, analala huko. Kila usiku? Kijana akafikiri kidogo, akasema, "Hapana, ni siku mjomba akija."

Haya. Mmeona? Tulianza na mtoto mtukutu, sasa tuna mtoto anayejiokoa. Basi andika hivyo: "Mjomba akija, mtoto analala jikoni kwa jirani." Usiweke hukumu yako, weka ulichoona. Kijana yule hakuhitaji semina nyingine, alihitaji mtu wa kumuuliza swali la tatu.

Na hatukumtuma akamhoji mtoto, msije mkanielewa vibaya. Ukimuuliza mtoto "mjomba alikufanya nini?" umeshamtajia mtu na umeshamtajia tendo, na kesi ikifika mahakamani hapo ndipo wakili atakapoanzia. Sema "nieleze", kisha nyamaza. Andika maneno yake, na kama amesema kwa Kigogo, andika Kigogo. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa kuwa utamwambia. Simu 116, ya msaada kwa mtoto, ni bure. Na kukiwa na ubakaji, msianze na kikao cha ukoo! Hospitali kwanza. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, tena mapema inavyowezekana, na vikao vya ukoo ninavyovijua huanza kwa kumsubiri mzee anayetoka Manyoni.

Nauli. Mkurugenzi mmoja hapa amenyanyua nyusi, nimemwona. "Ukimlipa si wa kujitolea tena." Kumrudishia mtu pesa ya bodaboda si kumlipa. Umemlipa deni. Mbona wewe ukija semina hujitolei mafuta?

Naonyeshwa karatasi, dakika mbili. Haya, haraka. Mama walezi wa makao ya watoto: mnawapa zamu za usiku mfululizo, halafu mnashangaa wanafokea watoto. Wapeni likizo, cheti baadaye. Wageni wa wiki mbili wanaokuja kubeba watoto na kupiga picha: wapake rangi ukuta, wachimbe shimo la choo, mtoto asizoeshwe mtu anayeondoka. Na yeyote mpya, awe mchungaji, awe nani, asiachwe peke yake na mtoto kabla hamjamchunguza na hajasaini kanuni za maadili. Hilo la kuchunguza lilitaka saa nzima, limepewa nusu dakika, mtaniita tena.

Waratibu msiende kwenye chakula. Niliomba kila mmoja aje na rejista ya rufaa, na simu yenye vocha. Tunafungua mashauri yaliyofungwa mwaka huu, mnatafuta nani alileta taarifa, mnampigia hapa hapa. Chemba, naona wewe umekuja na begi tupu. Utakaa na Kondoa. Tuanze.