Mnyonya Damu Aliyetaka Mkutubi

ZUWENA: Asalaam alaykum wasikilizaji. Tumo Mji Mkongwe, dirisha tumelifunga, lakini mkisikia vespa inapita kichochoroni mtusamehe. Mimi Zuwena, na huyu mwenzangu ni Khamis, Mpemba wa Wete. Kitabu changu kimekaa kwake wiki tatu.

KHAMIS: Waalaykum salaam. Kitabu kina kurasa zaidi ya 600, yakhe. Ulitaka nikimeze?

ZUWENA: Haya. Ni The Historian, cha Elizabeth Kostova, kilitoka 2005. Hebu wape watu kisa, kwa ufupi.

KHAMIS: Kwa ufupi ndio hakisimuliki, lakini nijaribu. Mwaka 1972, Amsterdam. Msichana wa miaka 16, ambaye mpaka mwisho hatuambiwi jina lake, anapekua maktaba ya baba yake. Anakuta kitabu kikuukuu, kurasa tupu, ila katikati pana picha ya joka. Na kitabu kile kina barua zake, zimepiga manjano. Kumuuliza baba, baba anaanza kumhadithia kidogo kidogo: miaka ya 1950, akiwa mwanafunzi, kitabu kama hicho alikikuta mezani kwake. Akampelekea mwalimu wake, Rossi. Kumbe Rossi naye anacho chake, na mwaka 1930 aliandama habari za Dracula, yule mnyonya damu! Sasa wewe msomaji unahadithiwa na binti, aliyehadithiwa na baba, aliyesoma barua za mwalimu.

ZUWENA: Isnadi hiyo.

KHAMIS: Isnadi kabisa. Fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Na sisi chuoni tumefundishwa, habari ikikujia uliza kwanza nani kaipokea kwa nani. Hapa kila ukiuliza, yule uliyetaka kumuuliza keshatoweka. Rossi anapotea usiku ule ule alipomkabidhi mwanafunzi barua zake. Baadaye baba naye haonekani. Mnyororo unaliwa pete moja moja, na mie nasoma saa sita za usiku najiona pete inayofuata.

ZUWENA: Ndio maana nasema zama mbili tatu mle ndani si urembo. Mnyonya damu mwenyewe kurasa mia kadhaa humuoni. Unaona karatasi tu. Mtu wa 1930 kaandika, wa 1972 anasoma, na katikati pana kitu hakijafa.

KHAMIS: Kama mumiani.

ZUWENA: Umenitangulia! Bibi yangu alikuwa akitutisha nayo: ikishaadhiniwa magharibi usionekane nje, mumiani watakuchukua wakukamue damu. Mwenyewe hakumuona hata mmoja. Kahadithiwa na wifi yake, wifi kahadithiwa na mtu wa Ng'ambo, na mtu wa Ng'ambo kasikia kwa shemegi yake. Lakini bibi huyo huyo, ndani ya kasha lake, alikuwa na kipande cheusi kama lami, kakifunga kwenye kitambaa. Mtu akivunjika mkono anakikwangua kwa kisu, anakiyeyusha kwenye samli ya moto, mgonjwa anywe. Nikamuuliza, bibi, hii nini? Akajibu bila kupepesa: mumiani.

KHAMIS: Dawa na mchawi jina moja.

ZUWENA: Kamusi ya Johnson ya 1939 inayo yote mawili: dawa inayoletwa kutoka Uajemi, na watu wengi wakiamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Sasa fikiri, bibi anaogopa mumiani wa nje, na mumiani wa ndani kamfungia kitambaa.

KHAMIS: Subhanallah. Hicho ndicho kitabu tungekiandika sisi. Popobawa, lile zimwi letu la usiku, tumwache.

ZUWENA: Tumwache. 1995 nililala uani na ukoo mzima, mbu walinimaliza, na yeye hakuja.

KHAMIS: Kilichonivuta zaidi ni Istanbul. Huyu Dracula wa kweli, Vlad, mtawala wa Wallachia, Romania ya leo, alipigana na Sultani Mehmed, yule aliyeifungua Istanbul 1453. Inasemekana alipouawa, kama 1476 hivi, kichwa chake kilipelekwa kwa Sultani. Watu wa kwao wakasema kiwiliwili kimezikwa kisiwani, Snagov. Kuja kufukua miaka ya 1930, pale walipoambiwa ndipo, wakakuta mifupa ya wanyama. Mwandishi kaliona pengo hilo akaingia nalo. Tena kamuweka profesa wa Kituruki, Turgut Bora, Muislamu, mkarimu, chakula hakiishi kwake. Kwenye vitabu hivi sisi huwa tunapita nyuma na trei.

ZUWENA: Huyo nilimpenda. Ila mbona wote wanaongea sauti moja? Baba, Rossi, binti, hata barua za watawa wa karne ya 15. Isnadi gani hiyo, wapokezi wote wana mwandiko mmoja?

KHAMIS: Hapo kweli. Na safari! Kila mji lazima tuambiwe walikula nini.

ZUWENA: Na mwisho. Tumengoja kurasa zote zile, Dracula anatokea, kumbe shida yake anataka mtu wa kumpangia vitabu. Kamteka profesa amfanye mkutubi! Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

KHAMIS: Mie sikucheka. Anayetaka damu utamkimbia. Huyu kakusanya habari za watu wote, na anataka mwenye elimu azipange, amtumikie milele. Zuwena, wewe kazi yako ni kupanga makaratasi. Ungekubali?

ZUWENA: Mshahara kiasi gani?

KHAMIS: Ona sasa.

ZUWENA: Nakutania. Lakini tungeandika chetu, zama za nyuma ningeziweka 1897. Dracula ya Bram Stoker ilitoka mwaka huo, na ndio mwaka Sultani Hamoud alitia saini amri ya kuondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba. Shamba la karafuu, kwenu huko. Tajiri anaandika daftari la watumwa wake ili alipwe fidia. Na zama za leo, binti anafanya kazi Nyaraka pale Kilimani, analifungua daftari lile.

KHAMIS: Anakuta nini?

ZUWENA: Majina. Halafu jina lake.

KHAMIS: Basi, basi. Nalala peke yangu leo.

ZUWENA: Kitabu changu.

KHAMIS: Hiki hapa. Nilitaka kukuuliza, haya maandishi ya penseli pembeni ni yako?

ZUWENA: Nimekinunua Darajani, cha mkono wa pili. Nimeyakuta.

KHAMIS: Kaandika kila ukurasa, mtu huyu. Anauliza maswali, anapiga mistari. Mpaka hapa, wanapoingia Bulgaria. Katikati ya neno, penseli imekatika. Baada ya hapo hamna kitu.

ZUWENA: Labda alichoka.

KHAMIS: Labda. Shika kitabu chako.