Arobaini Kwenye Chumba cha Kupanga

NEEMA: Karibuni tena. Leo tunamzungumzia mzazi, siyo mtoto. Mtoto ana wasemaji wengi. Da Zuhura, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Na ni kweli. Wageni wakiingia wote wanamkimbilia mtoto: kafanana na baba, kafanana na bibi. Mzazi mwenyewe ndiye anayeagiza soda.

NEEMA: Na glasi anaosha yeye!

ZUHURA: Na mshono juu yake. Kwetu wodi ya wazazi nawaambia, mgeni akiuliza aje na nini, mwambie chupa ya uji au mtori.

NEEMA: Bibi zetu arobaini nzima walikuwa ndani, wanakandwa, wanalishwa. Sasa mtu kapanga chumba na sebule Mbagala, mama yake yuko Tanga, mkwe Songea, mume anatoka alfajiri kuwahi daladala. Arobaini atailalia wapi?

ZUHURA: Hapo ndipo penye kazi. Sheria ya ajira inampa mama siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba tatu. Tatu, Neema! Hata kitovu hakijadondoka. Kwa hiyo pangeni mimba ikiwa bado ya miezi saba: nani atafua, nani atapika, nani atambeba mtoto saa nne asubuhi mama alale. Hela ya kumlipa binti wa kufua mwezi mmoja ina faida kuliko kitanda cha mtoto ambacho hatakilalia.

NEEMA: Kwa dada yangu kimejaa nguo za kupasi. Haya, kukandwa je?

ZUHURA: Maji ya vuguvugu, mgongo na miguu, sina ugomvi, mzazi anapumzika. Ya kuchemka hapana, yanaunguza. Kizazi kinarudi chenyewe, na mtoto akinyonya kinajikaza zaidi. Ndiyo yale maumivu ya tumbo unayoyasikia akiwa titini. Aliyefanyiwa oparesheni asikandwe tumbo, wala asifungwe kanga ikabana kidonda.

NEEMA: Na anayelia tu, hajui analilia nini?

ZUHURA: Siku za mwanzo ni kawaida, homoni zimeshuka ghafla na usingizi hana. Zikipita wiki mbili bado yuko vilevile, halali hata mtoto akilala, hataki kumshika, hapo si kudeka wala si shetani. Apelekwe kituo cha afya, inatibika. Akianza kusema bora afe, au anataka kumdhuru mtoto, msimwache peke yake, mpelekeni siku hiyohiyo.

NEEMA: Kina baba mmesikia.

ZUHURA: Na damu ikilowesha pedi ndani ya saa moja, homa, kichwa kinachopasua na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma: usingoje tarehe ya kliniki. Presha inaweza kupanda baada ya kujifungua hata kama ujauzito wote ilikuwa sawa.

NEEMA: Akirudi kazini?

ZUHURA: Ana haki ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi.

NEEMA: Ofisi Posta, mtoto Mbagala. Saa mbili zote zinaishia njiani.

ZUHURA: Ndiyo maana wengi wanaziunganisha, wanatoka mapema. Kaongee na bosi kabla likizo haijaisha, na mkubaliane kwa maandishi.